Meza Iliyoingia Jikoni: Historia ya DK ya Japani

Chumba kimoja chenye jiko na meza ya kulia, ambacho Wajapani wamekizoea kwa jina la DK, kiliingia katika nyumba zao kwa njia ya pekee. Hakikukua polepole kutokana na mazoea ya wapishi, wala hakikuigwa kutoka kwa matajiri. Kilichorwa na wasanifu majengo wa chuo kikuu mwaka 1951, kikajengwa kwa fedha za umma wakati nchi ingali na upungufu mkubwa wa nyumba baada ya vita, na ndani ya miaka ishirini kikawa kipimo cha kutajia nyumba nchi nzima. Hadi leo tangazo la nyumba ya kupanga mjini Tokyo au Osaka huandikwa 2DK au 3LDK: nambari ni idadi ya vyumba vingine, D ni mahali pa kulia, K ni jiko, na L ni sebule. Herufi zimetoka katika Kiingereza, lakini mpango ni wa Kijapani, na kilichouzaa kwanza ni shida ya malazi. Mapishi yalifuata baadaye.

Jiko la zamani la Kijapani lilikuwa mahali pa chini, kwa kimo na kwa hadhi. Nyumba ya mkulima iligawanyika mara mbili. Upande mmoja ulikuwa sakafu ya udongo ulioshindiliwa, doma, ambako watu waliingia na viatu. Huko kulikuwa na mtungi wa maji, kuni, zana za shamba, pengine na zizi la farasi, pamoja na kamado, jiko la udongo lenye matundu ya kukalia vyungu. Upande wa pili uliinuliwa kwa nguzo na kutandikwa mbao, na kwa wenye uwezo mikeka ya tatami. Mwanamke aliyepika alishuka kwenye udongo akivaa ndara, akapanda tena akizivua, mara nyingi kwa siku. Kasha la mbao la kuoshea vyombo liliwekwa karibu na ardhi, na kazi nyingi zilifanywa kwa kuchuchumaa. Moshi haukuwa na bomba. Ulipanda hadi kwenye paa la nyasi na kutokea humo, na wenye nyumba waliuvumilia kwa kuwa ulifukuza wadudu na kuyafanya manyasi yadumu.

Katikati ya sakafu ya mbao palikuwa na irori, shimo la mraba la moto lenye chungu kilichoning'inizwa juu yake. Hapo familia ilichemsha supu, ikaota moto na kula. Mtu anaweza kusema basi kwamba kupika na kulia vilikuwa pamoja tangu zamani, na kwa nyumba nyingi za vijijini ni kweli. Ila kukaa kuzunguka irori kulikuwa na sheria. Upande ulioelekea doma, yokoza, ulikuwa wa baba mwenye nyumba, na mtoto hakuthubutu kuukalia. Upande ulio karibu na vyombo, kakaza, ulikuwa wa mama. Wa tatu ulikuwa wa mgeni. Wa nne, kijiri, ambako ncha za kuni zilitokeza, uliachwa kwa mkamwana na watumishi. Aliyeingia kutoka nje aliweza kujua nani ni nani kwa kuangalia tu amekaa upande gani. Wasanifu wa karne ya 20 walipolishambulia jiko la zamani, moshi ulikuwa nusu tu ya malalamiko yao. Nusu ya pili ilikuwa ngazi hiyo ya heshima.

Mjini nafasi ilibana zaidi. Katika Edo, mji ulioitwa Tokyo tangu 1868, chumba cha kawaida cha mafundi na wachuuzi kilikuwa na mita 2.7 kwa 3.6. Jiko dogo lilikuwa mlangoni, na mikeka minne na nusu iliyobaki ilikuwa sebule, mahali pa kulia na pa kulala. Kila mtu alikuwa na kisanduku chake cha chakula, hakozen, chenye bakuli na vijiti ndani yake na kifuniko kilichogeuzwa kuwa meza. Mwisho wa karne ya 19 ilianza kuenea chabudai, meza fupi yenye miguu ya kukunjwa, na kufikia miaka ya 1920 visanduku vilikuwa vinatoweka katika familia nyingi za mjini. Msomaji wa pwani aliyezoea kula mkekani kuzunguka sinia atatambua mara moja badiliko hilo: walaji waliokuwa wamepangwa kwa safu, kila mmoja na chake, sasa walitazamana. Chakula kikiisha, meza ilikunjwa na kuegemezwa ukutani, magodoro ya futon yakatolewa kabatini na kutandikwa palepale.

Uwezo huo wa chumba kimoja kutumika mara mbili ulisifiwa sana na wachoraji wa nyumba za bei nafuu. Kama watu wanaweza kulala pale wanapokula, walifikiri, kwa nini wajengewe vyumba zaidi?

Aliyewatilia shaka ni Nishiyama Uzō, msanifu na mtafiti wa Kyoto aliyezaliwa 1911. Alichunguza nyumba za kawaida za watu wa mijini, akaangalia kila chumba kinatumikaje na nani analala wapi. Aliyoyaona yalikwenda kinyume na nadharia. Hata katika nyumba ndogo kabisa, familia zilijitengea chumba cha kulia, pengine cha mikeka miwili au mitatu tu, zikakubali kubanana usiku katika chumba kilichobaki. Sababu zilieleweka na yeyote aliyewahi kuishi katika nafasi finyu. Watu wa nyumba moja hawaamki wakati mmoja. Anayekwenda kazini alfajiri anataka kula wakati wengine wamelala. Magodoro yanapokunjwa hutimua vumbi. Mgonjwa au mtoto mchanga hawezi kuondolewa kila chakula kinapoandaliwa. Mwaka 1942 Nishiyama aliieleza kanuni yake kwa maneno machache: mahali pa kulia patenganishwe na mahali pa kulala, hata nyumba ikiwa ndogo kiasi gani. Wakati huo alikuwa mtumishi wa shirika la nyumba lililoundwa na serikali mwaka 1941 kwa ajili ya wafanyakazi, na serikali ya vita ilitaka vipimo vya chini kabisa. Yeye akajaribu kuweka mpaka ambao vipimo hivyo visiuvuke.

Vita vilipoisha mwaka 1945, upungufu wa nyumba Japani ulikadiriwa kuwa milioni 4.2. Watu waliishi katika vibanda vya mabati yaliyoungua na ndani ya mabasi mabovu. Miaka ya kwanza ilikwenda katika kuziba mvua tu. Mwaka 1951 ilipitishwa sheria ya nyumba za umma, na Wizara ya Ujenzi ikahitaji michoro ya mfano ambayo mikoa na miji ingeweza kuitumia kujenga maghorofa ya zege. Mchoro mdogo kuliko yote uliitwa 51C, yaani mchoro C wa mwaka 1951. Eneo lake lilikuwa tsubo 12, sawa na mita za mraba 40 hivi, kwa familia ya watu wanne au watano.

Kazi hiyo ilifanywa na Yoshitake Yasumi wa Chuo Kikuu cha Tokyo pamoja na wanafunzi wake, akiwemo kijana Suzuki Shigebumi. Waliichukua kanuni ya Nishiyama wakaiongezea ya pili: wazazi na watoto wanaokua wasilale chumba kimoja. Kwa hiyo walihitaji vyumba viwili vya kulala vilivyotengana kweli, kimoja cha mikeka sita na kingine cha minne na nusu, na kati yao wakaweka ukuta badala ya milango ya karatasi ambayo hupitisha kila sauti. Vyumba hivyo vilipokwisha kuchorwa, nafasi ya chumba cha kulia haikuwepo tena. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuongeza jiko kidogo, kulitandika mbao, na kuifanya familia ile humo humo. Chumba cha DK kilipatikana kwa hesabu ya kutoa: mita za mraba 40, toa vyumba viwili vya kulala visivyoingiliana, na kinachobaki lazima kibebe jiko na meza kwa pamoja.

Inafaa kukumbuka kwamba Ulaya wasanifu wa nyumba za wafanyakazi walikuwa wamelikabili jambo hilohilo robo karne mapema na kufikia uamuzi wa kinyume. Mjini Frankfurt mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu kutoka Vienna, alichora jiko la mita 1.9 kwa 3.4 kwa ajili ya maghorofa ya manispaa, na likajengwa katika nyumba zipatazo 10,000. Jiko hilo lilikuwa la kupikia tu. Familia za wafanyakazi wa Kijerumani zilikuwa zikipika, kula, kufua na mara nyingine kulala katika chumba kimoja chenye joto la jiko la makaa, na wasanifu waliona humo uchafu na mvuke. Wakaitoa meza, wakaipeleka sebuleni, na kuhakikisha kwamba kutoka jikoni hadi mezani si zaidi ya mita tatu kupitia mlango wa kusukuma. Wajapani nao walikuwa na chumba kimoja cha kila kitu, lakini kile kilichowakera ni godoro na bakuli kukutana. Frankfurt ilitenga jiko na maisha mengine. Tokyo ilitenga usingizi. Mkuu wa mpango wa Frankfurt, Ernst May, aliishia Afrika Mashariki: alifika Tanganyika mwaka 1934 kama mkulima, kisha akafanya kazi ya usanifu kutoka Nairobi hadi miaka ya 1950, na miongoni mwa kazi zake ni Oceanic Hotel ya Mombasa.

Mchoro wa 51C ulikuwa wa serikali za mikoa na miji, nao peke yake usingebadilisha desturi ya taifa. Kilichoueneza ni Shirika la Nyumba la Japani lililoanzishwa Julai 1955 kwa ajili ya familia za mijini zenye mshahara wa kati. Mradi wake wa kwanza kukamilika ulikuwa Kanaoka, mjini Sakai karibu na Osaka, mwaka 1956. Nyumba zake ziliongezwa ukubwa kidogo, zikapewa bafu la ndani na choo cha kuvuta maji, na mpango uliotawala ulikuwa 2DK. Kuanzia hapo maghorofa ya ghorofa nne na tano, danchi, yalichipuka pembeni mwa miji mikubwa. Wapangaji walichaguliwa kwa bahati nasibu na walitakiwa kuthibitisha kipato kilichoizidi kodi mara kadhaa, hivyo waliopata walikuwa zaidi vijana waliooana karibuni na wenye ajira za ofisini.

Shirika lilikuwa na wasiwasi mmoja. Wapangaji hao walikuwa wamekulia kwenye chabudai. Wengi hawakuwa na meza ndefu wala viti, na ilitarajiwa kwamba wangebeba chabudai yao hadi chumba cha tatami na kula huko, kisha usiku watandike godoro palepale. Mpango wote ungebaki karatasini. Basi katika nyumba za mwanzo shirika liliweka meza yenyewe ndani ya DK, ikawa sehemu ya nyumba kama sinki lilivyo sehemu ya nyumba. Mpangaji alinunua viti tu. Ni nadra sana serikali kuwafundisha raia wake kuketi, na hapa ilifanyika bila hotuba wala bango. Mbinu hiyo ilifaulu haraka, na baada ya miaka michache watu walikuja na meza zao wenyewe.

Upangaji wa chumba chenyewe haukuwa na nafasi ya makosa. DK ya wakati huo ilikuwa na mikeka minne na nusu hivi, yaani karibu mita 2.7 kwa 2.7. Tuseme safu ya sinki na jiko la gesi imechukua sentimita 55 kutoka ukutani. Mpishi anahitaji sentimita 80 au 90 za kusimama, kuinama na kugeuka. Meza ya watu wanne ina upana wa sentimita 75. Hapo zimebaki sentimita 50 au 60 upande wa pili, na mtu mzima anayekaa kitini anahitaji zaidi ya hizo ili avute kiti nyuma na kuinuka. Ndiyo maana meza ya DK karibu kila mara ilisukumwa ukutani kwa upande mmoja, na ndiyo maana njia ya mpishi ilitumika mara mbili. Kabla ya chakula ilikuwa mahali pa kazi. Wakati wa chakula iliwekwa viti. Mpango huo unawezekana katika nyumba ya aina moja tu, ile ambayo anayepika na anayekula ni mtu yuleyule, naye hapiki wakati anakula. Katika nyumba yenye mtumishi usingefanya kazi hata siku moja.

Na watumishi walikuwa wanatoweka. Kabla ya vita, familia ya kati mjini ilikuwa na msichana wa kazi, na jiko lilijengwa upande wa kaskazini, wenye giza na baridi, kwa kuwa mwenye nyumba hakukaa huko. Upande wa kusini wenye jua ulikuwa wa chumba cha wageni. Jambo hilo lilishambuliwa vikali na Hamaguchi Miho katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu ukabaila uliojificha katika nyumba za Kijapani. Hamaguchi, aliyezaliwa 1915, alisomea elimu ya nyumbani, akafanya kazi katika ofisi ya msanifu Maekawa Kunio, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza Japani kusajiliwa kama msanifu majengo wa daraja la kwanza. Hoja yake ilikuwa kwamba nyumba iliyowapa wageni jua na kumpa mama giza haiwezi kurekebishwa kwa kubadilisha samani. Vyumba vyenyewe vihamishwe. Katika michoro mingi ya danchi DK ilipewa dirisha la kusini na roshani, na kwa familia nyingi hiyo ilikuwa mara ya kwanza sahani kuoshwa mbele ya mwanga wa jua.

Shirika lilimwita Hamaguchi mwenyewe kusaidia kupanga safu ya jiko. Desturi ya wataalamu ilikuwa kufuata mtiririko wa kazi: sinki mwanzoni, kisha ubao wa kukatia, kisha moto mwishoni. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini katika chumba kifupi mpishi hulirudia sinki mara nyingi kuliko mahali pengine popote, kuosha, kuchota maji, kumwaga maji ya tambi, kusuuza kisu. Hamaguchi akaliweka sinki katikati, moto upande mmoja na ubao upande mwingine. Majaribio ya kupika yalipofanywa kulinganisha mipango hiyo miwili, sinki la katikati lilipunguza mwendo wa mpishi. Akili ya mpango huo ni kwamba ulitokana na kumtazama mtu akipika, hata kama uliharibu mantiki nzuri ya mchoro.

Sinki lilikuwa na shida nyingine, nayo ni malighafi yake. Masinki ya zamani yalikuwa ya mbao yaliyopigwa bati, au ya terazo, mazito, yenye kushika madoa na kuvunja vyombo. Jikoni kwa mtumishi sinki halikuonekana na mtu. Katika DK sinki lilikaa hatua moja kutoka kwenye sahani ya baba mwenye nyumba. Chuma kisichoshika kutu kilijulikana, ila kiliunganishwa kwa mkono na bei yake haikuwa ya nyumba za kupanga. Mwaka 1956 kampuni iliyokuja kujulikana kama Sunwave ilifanikiwa kuligandamiza sinki zima kutoka bamba moja kwa mashine, na oda kubwa za shirika zikafanya bei ishuke. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 sinki linalong'aa lilikuwa sehemu ya kawaida ya nyumba mpya za shirika, na picha yake ilivutia waombaji wa nyumba kuliko ukubwa wa vyumba.

Kilichowezesha zaidi meza na jiko kuishi pamoja ni gesi, ingawa wasanifu hawakuwa na la kujisifu hapo. Jiko la kuni au la mkaa ndani ya chumba cha mita 2.7 lingewafukuza walaji. Gesi ya bomba mjini, na ya mitungi kwingineko, iliondoa moshi, na feni ndogo ya ukutani ikaondoa sehemu ya mvuke. Mwishoni mwa 1955 Toshiba ilianza kuuza sufuria ya umeme inayopika wali na kujizima yenyewe, na kazi iliyokuwa ikimwamsha mama kabla ya wote ikabaki kwa swichi. Harufu haikuondoka. Samaki wa kuchoma, chakula cha kila wiki cha Kijapani, alibaki akinukia hadi kwenye magodoro, na malalamiko kuhusu DK tangu mwanzo yalikuwa zaidi ya pua kuliko ya macho. Vijijini mambo yalikwenda kwa njia nyingine: tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 mabibi maendeleo wa Wizara ya Kilimo walikuwa wakihimiza kamado zenye bomba la moshi na meza za kazi za kusimamia, bila kuigusa sana ramani ya nyumba.

Mwaka 1958 gazeti moja la kila wiki liliwapa wakazi wa danchi jina la kabila jipya, na haikuwa dhihaka tupu. Septemba 1960 Mrithi wa Ufalme Akihito na mkewe Michiko walitembelea danchi ya Hibarigaoka, magharibi mwa Tokyo, yenye nyumba zaidi ya 2,700, wakaoneshwa nyumba ya 2DK. Picha zao wakiwa roshanini zilisambaa magazetini. Kuanzia hapo chumba kilichobuniwa kwa ajili ya uhaba kilianza kutamaniwa, na wajenzi binafsi wakakiiga katika nyumba ambazo hazikuwa na uhaba wowote wa nafasi.

Wakazi, hata hivyo, hawakuishi kama michoro ilivyotaka. Televisheni ilipoingia, haikupata mahali kwenye DK, ikawekwa katika chumba cha mikeka sita. Majira ya baridi familia ilihamia huko na kotatsu, meza fupi yenye kipasha joto chini yake na mfarishi juu, ikala huku ikitazama mieleka ya sumo. Milango kati ya DK na chumba cha jirani ilipokuwa ya kusukuma, iliachwa wazi mchana kutwa. Watu wengine walitandika zulia juu ya tatami na kuweka makochi. Kwa matendo yao walikuwa wanadai chumba cha tatu ambacho hakuna aliyewachorea, yaani sebule.

Wachoraji waliwasikia. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 herufi L iliongezwa, na katika miaka ya 1970 nyumba ya 3LDK ikawa ndoto ya kawaida ya mwenye mshahara: vyumba vitatu, na nafasi moja ndefu yenye jiko, meza na makochi. Miaka ya 1980 safu ya sinki iligeuzwa. Badala ya kutazama ukuta, mpishi aliwatazama walaji kupitia kaunta, jambo lililowezekana kwa sababu vifuniko vya kunyonya mvuke vilikuwa vimepata nguvu. Hapo hesabu za chumba zilibadilika pia. Jiko linalotazama watu linahitaji njia mbili badala ya moja, ya mpishi nyuma ya kaunta na ya walaji mbele yake, nalo hula nafasi ambayo DK ya 1956 haikuwa nayo. Nyumba nyingi ndogo zilizojengwa kwa mtindo huo ziliishia na kaunta nzuri na meza isiyozungukika, gharama kubwa kulipa ili mpishi aonekane.

Mwaka 2004 Suzuki Shigebumi, sasa mzee, alitoa kitabu pamoja na mwanasosholojia Ueno Chizuko na msanifu Yamamoto Riken kuhusu 51C. Swali lilikuwa kama mchoro ule wa mita 40 ndio uliozaa nyumba za kisasa zinazohesabu vyumba kwa idadi ya watoto na kumfungia mama jikoni, mume akiwa kazini hadi usiku. Suzuki alikataa kuitwa baba wa nyumba hizo. Mchoro wake, alisema, ulikuwa jibu la uhaba wa wakati wake, na waliourudia kwa miaka hamsini bila uhaba huo wajibu wenyewe. Utetezi huo una nguvu. Ila ni kweli pia kwamba mpango ukishafanikiwa hujitenga na sababu zake, na 51C ulifanikiwa kupita kiasi.

Shirika la nyumba lilibadilishwa mwaka huohuo 2004 kuwa UR, na bado linasimamia nyumba za kupanga zipatazo 700,000. Wapangaji wengi wa mwanzo wamezeeka au wamekufa, na wanandoa vijana hawazitaki nyumba za vyumba vidogo vidogo. Tangu 2012 UR na kampuni ya Muji wamekuwa wakizikarabati baadhi: ukuta kati ya DK na chumba cha tatami unaondolewa, sinki linapewa kaunta, na nyumba ya wawili inabaki na nafasi moja kubwa ya kupikia, kulia na kukaa. Kile Nishiyama alichokitenga kwa taabu, familia ndogo za leo hazihitaji tena kukitenga. Nyumba za 2DK za zamani zimehifadhiwa pia kwa maonyesho. Jumba la makumbusho la mji wa Matsudo lina nakala nzima ya nyumba ya danchi ya Tokiwadaira, yenye DK, meza na vyombo vyake kama ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Jina lenyewe sasa lina kanuni. Mwongozo wa matangazo ya nyumba nchini Japani unataka chumba kiitwe DK, katika nyumba yenye vyumba viwili au zaidi vya kulala, ikiwa tu kina mikeka sita au zaidi, na LDK ikiwa kina kumi au zaidi, mkeka mmoja ukihesabiwa kuwa mita za mraba 1.62. Kwa kipimo hicho DK nyingi za miaka ya 1950, zenye mikeka minne na nusu, zisingeruhusiwa kutangazwa kwa jina hilo.